Fedha ya Ugenini Hulala Wapi?

Mada iliyotolewa katika mkutano mkuu wa mwaka wa chama chetu cha maendeleo, Dar es Salaam. Inachapishwa kama ilivyosomwa, ikiwa imepunguzwa kidogo.



Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wetu na kamati yako, viongozi wetu wa dini, wazee mliotoka Kitendaguro kwa basi mkakesha njiani ili muwe nasi leo, ndugu wanachama na wageni waalikwa. 

Kamati iliniomba nizungumze juu ya uchumi wa watu wanaoishi mbali na kwao. Nimeona nisizungumze hewani. Nitazilinganisha jumuiya mbili za wageni tunazozifahamu. Ya kwanza ni ya Wahindi waliokuja Afrika Mashariki, ambao maduka yao sote tumeyaona Bukoba mjini tangu utoto. Ya pili ni yetu sisi wenyewe, Wahaya tuliotoka tukaenda Kampala, Nairobi, Mwanza na hapa Dar es Salaam. Jumuiya zote mbili ziliondoka kwao kutafuta riziki. Zote zilipanda meli. Zote zilidharauliwa na wenyeji kwa namna moja au nyingine. Lakini baada ya miaka mia na zaidi hazikufika mahali pamoja, na ni vizuri tujiulize kwa nini.

Najua jibu linalotolewa mara nyingi tukikaa baada ya mkutano. Husemwa, "Wahindi wana biashara kwenye damu, sisi hatuna." Jibu hilo ni rahisi, na ubaya wake ni kwamba linatufunga mikono. Kama ni damu, basi hakuna la kufanya, twende tukale. Mimi naomba tuangalie historia, kwa sababu historia haisemi hivyo.

Walikoanzia

Kwanza tuondoe dhana moja. Watu wengi huamini kwamba Wahindi wenye maduka ni wajukuu wa vibarua waliojenga reli ya Uganda. Reli ile ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ikafika Kisumu mwaka 1901. Waliletwa vibarua zaidi ya 30,000 kutoka India, hasa Punjab. Wapatao 2,500 walifariki kazini, na wengi wa waliobaki hai walirudi kwao mkataba ulipokwisha. Wenye maduka walikuwa watu wengine kabisa. Wengi walitoka Gujarat, walijilipia nauli wenyewe, na walikuja kwa sababu walikuwa na mjomba au mtu wa kijiji chao aliyetangulia.

Mfano unaojulikana ni Allidina Visram. Alikuja pwani yetu akiwa kijana mdogo sana miaka ya 1860, akafanya kazi Bagamoyo chini ya Sewa Haji Paroo, yule ambaye jina lake mpaka leo liko kwenye jengo la wodi pale Muhimbili. Sewa Haji alipofariki mwaka 1897, Visram alichukua biashara yake ya misafara, akafungua maduka kufuata njia hadi Ujiji, Kisumu na Uganda. Katika kila duka aliweka kijana aliyetoka kwao. Kijana huyo alipewa mali kwa mkopo. Aliuza, akarudisha fedha, akapewa nyingine. Baada ya miaka michache alikuwa na duka lake, na yeye akamwita mdogo wake.

Hapo, ndugu zangu, ndipo penye siri. Mtaji wa kwanza wa Mhindi wa bara haukuwa fedha mfukoni. Wengi wao walikuja na sanduku moja na nguo walizovaa. Mtaji wao ulikuwa jina la mtu aliyewadhamini. Mfanyabiashara mkubwa wa Mombasa aliweza kumpa mali mtu asiyemjua kwa sababu alimjua baba yake, na kama kijana angekimbia na mali, aibu ingemfuata mpaka kijijini.

Sasa tuje kwetu. Reli ilipofika Kisumu, biashara ya ziwa ilibadilika. Bukoba ilikuwa chini ya Wajerumani, lakini kahawa na ngozi zetu zilipanda meli kwenda Kisumu na kuendelea Mombasa kwa reli ya Waingereza. Watu wetu nao walipanda meli hizo. Walikwenda Buganda, ambako lugha haikuwa mbali na yetu, wakafanya vibarua kwenye mashamba. Wengine walikuwa wapishi, wengine makarani kwa sababu walikuwa wamesoma kwa wamisionari, wengine wachuuzi wadogo.

Na tusiwasahau akina mama. Kati ya miaka ya 1930 na 1950 wapo mabinti wa Kihaya waliokwenda Kampala na Nairobi, wakasemwa sana, na viongozi wa wakati ule wakajaribu kuwazuia wasisafiri. Kati yao wapo waliorudi wakanunua kibanja kwa fedha yao wenyewe, katika nchi ambayo mila haikumpa binti ardhi ya ukoo. Watoto na wajukuu walisomeshwa kutokana na vibanja hivyo. Tukihesabu waliojenga uchumi wa Buhaya kutoka ugenini, akina mama hao wana nafasi yao, tutake tusitake.

Kwa hiyo bidii haikukosekana upande wetu. Kilichokosekana ni kile kijana wa Gujarat alichokikuta tayari: mtu wa kumpa mali leo na kumdai baada ya miezi mitatu.

Sheria iligawa kazi

Wala hili halikutokea kwa bahati mbaya. Katika Tanganyika Waingereza walitunga sheria mwaka 1923, wakaikaza mwaka 1931, kwamba mfanyabiashara akimkopesha Mwafrika bila kibali cha serikali, mahakama haitamsaidia kulidai deni hilo. Walisema wanamlinda Mwafrika asinyonywe. Matokeo yake ni kwamba Mwafrika aliyetaka kufungua duka alilazimika kununua kila kitu kwa fedha taslimu, wakati jirani yake Mhindi alijaza rafu kwa ahadi tu. Hebu fikiri watu wawili wanashindana mbio, mmoja amefungwa gunia miguuni, halafu watazamaji wanasema yule mwingine ana damu ya kukimbia.

Lakini sheria haikumpendelea Mhindi kila mahali. Kule Kenya nyanda za juu zilitengwa kwa ajili ya Wazungu, naye Mhindi hakuruhusiwa kununua shamba huko. Alifungiwa shamba, akabakiwa na duka. Sisi tulifungiwa duka, tukabakiwa na shamba. Kila mmoja alikuwa hodari pale alipoachiwa mlango wazi.

Na pale tulipopata mlango, tuliingia. Chama cha Bukoba Bahaya Union kilianzishwa mwaka 1924, miaka thelathini kabla ya TANU. Klemens Kiiza aliongoza chama cha wakulima wa kahawa kilichoanza mwaka 1936, kwa nia kwamba Mhaya auze kahawa yake bila kupitia mikono mingi. Mwaka 1950 kikaja chama kikuu cha ushirika, BNCU, ambacho mtoto wake ni KCU tunayoijua leo. Watu waliofanya hayo hawakukosa akili ya biashara. Waliona kwamba mkulima mmoja mwenye debe moja la kahawa hana sauti, na wakulima elfu wenye debe moja moja wana sauti.

Dhoruba zilizopita

Jumuiya hupimwa na dhoruba. Wahindi walipata zao. Aprili 1971 serikali yetu ilipitisha sheria ya kutaifisha majengo ya thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yaliyokuwa yanapangishwa. Wengi wa walioguswa walikuwa Wahindi waliokuwa wameweka akiba ya maisha yao kwenye nyumba. Agosti 1972 Idi Amin akatangaza kwamba Waasia wa Uganda waondoke katika siku 90. Maelfu kwa maelfu waliondoka na mizigo ya mkononi. Walioingia Uingereza peke yao walikuwa zaidi ya 27,000, na halmashauri ya mji wa Leicester ilitoa tangazo kwenye gazeti la Uganda kuwaomba wasiende huko. Walikwenda hata hivyo. Leo Leicester ina mitaa mizima ya biashara zao, na Rishi Sunak, ambaye mama yake alizaliwa Tanganyika na baba yake Kenya, alikuwa Waziri Mkuu wa Uingereza kuanzia mwaka 2022 hadi 2024.

Waliponyang'anywa, walipoteza nyumba, maduka na viwanda. Vitu vitatu havikuchukuliwa kwa sababu havikuwa na hati: elimu ya watoto, ujuzi wa kazi, na mtu wa kumpigia simu Nairobi, London au Toronto anayeweza kusema, "Njoo, utaanzia kwangu."

Nasi tulipata dhoruba zetu, na zilitupiga mahali pengine. Februari 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka huo huo. Mhaya wa Nairobi akawa mgeni kweli kweli. Oktoba 1978 majeshi ya Amin yakavuka mpaka wa Kagera, na vita ikaendelea hadi mwaka 1979. Waliokuwa wanaishi Uganda walirudi mikono mitupu.

Halafu likaja lile ambalo bado ni vigumu kulitamka kwenye mkutano. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walitambuliwa mkoani kwetu mwaka 1983. Ugonjwa ule uliwachukua kwanza watu wa umri wa kazi, na kati yao walikuwa wengi waliokuwa wakisafiri kwa biashara. Nataka tuliangalie jambo hili kwa jicho la uchumi, bila kumnyooshea mtu kidole. Duka la Mhindi lilipita kutoka kwa mjomba kwenda kwa mpwa. Kwetu, katika nyumba nyingi, mjomba na baba walifariki kabla mpwa hajajua hata mali inanunuliwa wapi. Tulibaki na bibi na wajukuu. Bibi aliuza ng'ombe, akauza sehemu ya kibanja, akasomesha kadiri alivyoweza. Anayesema Wahaya wa kizazi hiki hawana mitaji, na aanze kuhesabu kutoka hapo. Na kabla machozi hayajakauka, tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ikazama na mamia ya watu wetu, wengi wao wafanyabiashara waliokuwa wanapeleka ndizi na mizigo Mwanza.

Hata hivyo kitu kimoja kilituokoa katika dhoruba zote, nacho ni kibanja. Mhindi aliyefukuzwa Kampala hakuwa na mgomba wa kurudia. Mhaya aliyefukuzwa alikuwa na mahali pa kulala na ndizi ya kula. Kwa hiyo sitaki mtu atoke hapa akisema nimedharau kibanja. Kibanja ni bima yetu ya kwanza. Swali langu ni kama bima peke yake inatosha.

Almasi za Upanga

Wengi wetu tumechangia harusi zilizofanyika Ukumbi wa Diamond Jubilee pale Upanga. Ni wachache wanaojiuliza jina hilo lilitoka wapi. Agosti 1946 Waismailia wa Afrika Mashariki walikusanyika hapa Dar es Salaam kuadhimisha miaka 60 ya uongozi wa Aga Khan wa Tatu. Walimpima uzito kwa almasi, kama alivyokuwa amepimwa kwa dhahabu Nairobi mwaka 1937, katika kuadhimisha miaka 50 ya uongozi wake.

Mtu akiishia hapo ataona sherehe tu. Tazama fedha ilikwenda wapi. Baada ya sherehe ya dhahabu ilianzishwa kampuni ya bima Mombasa mwaka 1937, Jubilee. Katika sherehe ya almasi ilianzishwa kampuni ya kukopesha, ili Mwismailia wa kipato cha chini apate nyumba au mtaji wa duka na alipe kidogo kidogo. Kampuni ile ya kukopesha ndiyo iliyozaa benki ya Diamond Trust, DTB, ambayo matawi yake tunapishana nayo kila siku.

Watu wale walifanya sherehe, kama sisi tunavyofanya. Walichanga, kama sisi tunavyochanga. Tofauti ni kwamba mchango wao wa siku moja haukuliwa siku hiyo. Uliwekwa mahali penye sheria, ukakopeshwa, ukarudi, ukakopeshwa tena. Waliochanga mwaka 1946 karibu wote wamekwisha kufa. Mchango wao bado uko kazini.

Na sio Waismailia peke yao. Wahindu wana hospitali yao ya Hindu Mandal hapa mjini, Waoshwal wana shule zao Nairobi, Singasinga na Wagoa walijenga za kwao. Hata Allidina Visram niliyemtaja ni funzo. Alifariki mwaka 1916, na biashara yake kubwa haikudumu muda mrefu baada yake. Lakini shule ya sekondari yenye jina lake, iliyojengwa Mombasa miaka ya 1920, inapokea wanafunzi mpaka leo. Duka lilikwisha, shule imebaki.

Tusiwapambe kupita kiasi pia. Walikuwepo Wahindi maskini wengi: washona nguo, makarani wa reli, mafundi seremala ambao historia haiwataji. Na mifuko yao ilikuwa na kasoro moja kubwa, ilifunga mlango. Iliwasaidia wa ndani, majirani Waafrika wakabaki nje wakitazama. Uzio ule ulichangia chuki iliyokuja kuwaumiza baadaye. Sisi tukijenga wetu, usiwe wa ukoo, wala wa dhehebu, wala wa Wahaya tu. Kitendaguro ya leo ina walimu, wauguzi na wafanyabiashara kutoka mikoa mingi. Mtoto anayesoma shule yetu ni mtoto wetu.

Mambo haya yapo dunia nzima

Mtu asidhani jambo hili ni la Afrika Mashariki tu. Chukua watu wa Lebanoni. Tangu mwisho wa karne ya 19 walihamia Brazil, Mexico na Afrika Magharibi, wakaanza kama wachuuzi wa kubeba vitambaa mabegani, wakapewa mali kwa mkopo na ndugu waliotangulia, kama wale wa Gujarat. Baba yake Carlos Slim, tajiri mkubwa wa Mexico, alifika huko mwaka 1902 na miaka michache baadaye akafungua duka.

Kisha chukua watu wa Jamhuri ya Dominika, kisiwani katika bahari ya Karibi. Wao walianza kuhama kwa wingi kwenda New York baada ya dikteta Trujillo kuuawa mwaka 1961. Walifika kama wafanyakazi wa viwandani, wakati viwanda vyenyewe vilikuwa karibu kufungwa. Ni wachapakazi, na mwaka 2023 walituma nyumbani zaidi ya dola bilioni 10 za Marekani. Fedha ile inalisha mamilioni ya watu. Lakini sehemu kubwa ni ya chakula, dawa, karo na nyumba, kila mtu kwa mama yake, kama zile tunazotuma sisi kwa simu kila mwisho wa mwezi.

Je, Mlebanoni ana damu bora kuliko Mdominika? Hapana. Mmoja alikuta mkopo wa ndugu na soko lililo wazi. Mwingine alikuta mshahara wa wiki na kiwanda kinachofungwa. Ni hadithi yetu ile ile kwa majina mengine.

Na kuna kisa cha pili cha Lebanoni ambacho mhazini wetu na akisikie vizuri. Walebanoni wa ugenini waliamini benki za kwao, wakaweka huko akiba zao kwa miaka mingi kwa sababu ya riba kubwa. Mwaka 2019 benki zile zilikwama na kuzuia watu kutoa dola zao. Watu waliofanya kazi miaka 40 ugenini walijikuta wanapanga foleni kuomba fedha yao wenyewe. Kwa hiyo kuweka fedha pamoja hakutoshi. Lazima wenye fedha waone inakaa wapi, nani anaishika, na inafanya nini.

Tufanye nini

Nimalizie kwetu. Fedha ya Mhaya wa ugenini hulala wapi? Tuseme ukweli. Sehemu kubwa hulala kwenye harusi, kwenye misiba, na kwenye nyumba ya nyumbani ambayo mwenyewe huiona wakati wa Krismasi au Idi. Tunapita Kitendaguro tunaona nyumba nzuri za madirisha ya vioo, zimefungwa kufuli, na kijana mmoja anafagia majani. Milioni nyingi zimelala pale kimya.

Siwalaumu wenye nyumba. Mtu bila nyumba kwao hata mazishi yake yana shida. Na katika dharura tuna moyo. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 lilipoangusha nyumba na madarasa Bukoba, michango ilitoka kila kona kabla ya siku kwisha. Lakini mchango wa dharura una tabia yake: unakuja haraka na unakwisha haraka. Mwaka unaofuata tunaanza sifuri, tunapiga tena simu kwa watu wale wale, mpaka wanaacha kupokea.

Ombi langu, na ndilo lililowekwa mezani na kamati leo, ni kwamba sehemu ya kila ahadi itakayotolewa mwaka huu iingie katika mfuko wa kudumu. Nitaeleza kwa hesabu ya mtoto wa darasa la nne. Tukipata watu 200, kila mmoja akatoa shilingi 10,000 kwa mwezi, tunapata milioni 2 kwa mwezi, sawa na milioni 24 kwa mwaka. Kwa miaka kumi ni milioni 240, kabla ya kuhesabu faida yoyote. Shilingi 10,000 kwa mwezi ni ndogo kuliko kadi moja ya harusi ya mtu wa kawaida.

Mfuko huo nauona ukifanya kazi mbili. Ya kwanza ni karo na vifaa kwa watoto wanaolelewa na bibi zao, maana bado wapo. Ya pili ni ile tuliyonyimwa tangu mwaka 1923: mkopo wa mali. Kijana wa Kitendaguro anayetaka kununua kahawa, kusindika ndizi, kuuza samaki au kufungua karakana apate mkopo mdogo kwa kudhaminiwa na wazee wawili wa mtaa wake na mwanachama mmoja wa hapa. Akilipa, apewe mkubwa zaidi. Asipolipa, wadhamini waitwe kwa majina mbele ya mkutano huu. Hivyo ndivyo Bagamoyo ilivyowapa mali vijana wa Gujarat.

Najua pingamizi. Wapo watakaosema, "Tumeona vyama vya watu wa nyumbani vikifa pamoja na mhazini wake." Ni kweli, tumeviona. Ndiyo maana napendekeza masharti manne yaandikwe katika katiba kabla ya shilingi ya kwanza kuingia. Fedha isitolewe bila saini tatu, na mmoja wa watia saini awe anaishi Kitendaguro. Mtaji usiguswe, itumike faida na marejesho tu, na mtaji wenyewe uwekwe mahali salama kama hatifungani za serikali. Mkaguzi wa hesabu asiwe mwanachama. Na kila mwaka, katika kijitabu hiki hiki mnachokishika, hesabu zichapishwe ukurasa wa kwanza, kabla ya picha za viongozi.

Wengine watasema, "Mimi benki yangu ni kibanja." Sawa, mzee wangu, endelea na kibanja. Lakini kibanja kinagawanywa kila kizazi. Cha babu kiligawanywa kwa wana watatu, cha baba kikagawanywa kwa wanne, na wewe umepata kipande ambacho ukisimama katikati unaweza kurusha jiwe likatoka. Mfuko wa pamoja haugawanywi. Ni kibanja pekee ambacho kila mtoto anayezaliwa anakikuta kikiwa kikubwa kuliko alivyokiacha baba yake, tukikitunza.

Ndugu zangu, Wahindi hawakutushinda kwa akili, wala sisi hatukushindwa kwa uvivu. Wao walijifunza mapema, kwa sababu hawakuwa na ardhi ya kurudia, kwamba mtu wa ugenini asiye na mfuko wa pamoja akifa, jasho lake linazikwa naye. Sisi tulikuwa na kibanja, tukachelewa kulijifunza hilo. Vibanja sasa vimekuwa vidogo, na muda wa kujifunza umefika.

Fomu ya ahadi iko nyuma ya kijitabu. Ina sehemu mbili: moja ya ukarabati wa mwaka huu, nyingine ya mfuko wa kudumu. Naomba asiondoke mtu akiwa amejaza moja tu. Anayeweza 10,000 aandike 10,000. Anayeweza 2,000 aandike 2,000, na jina lake litachapishwa sawa na la mwenye milioni. Mtu wa kwanza kujaza ni mimi, na stakabadhi yangu anayo mhazini.